Jogoo Mmoja kwa Mama Spana

Alhamisi, 3 Julai 2025

Baba Mdogo Hosea kaja kabla sijamaliza kufagia. Nimempa shikamoo, kaitikia huku anaangalia dari. Alikuwa anapima! Anakitaka chumba. Mashine yake ya kukamua alizeti iko ukuta wa pili, msimu umekuwa mzuri, mashudu yamejaa banda zima na hayana pa kwenda. "Elisha nilimpa hiki chumba kwa sababu kilikuwa kinaingiza watu," kasema. "Siku hizi kinaingiza upepo."

Kuhusu upepo hajakosea. Julai ya Ilongero, vumbi mpaka kwenye meno.

Chumba chenyewe: tivii moja, mashine moja ya gemu ya kizamani, pedi mbili, mabenchi manne. Kaka Elisha alikianzisha, akakichoka, akaenda Sekenke kuchimba dhahabu. Ufunguo akaniachia mimi. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya fizikia, nasubiri ajira ya ualimu. Nasubiri bado. Januari niliitwa kwenye usaili. Wa kuandika nilifaulu. Wa mahojiano niliingia, watu watatu nyuma ya meza, wakaniuliza jina. Jina nilisema. Baada ya hapo hakuna kilichotoka.

Sitaki kuandika hilo tena.

Nilimwuliza Baba Mdogo nifanye nini ili nibaki. Kafikiri kweli — ni mtu wa haki, hilo simnyimi. "Tarehe thelathini na moja nakuja saa nane mchana. Nikikuta mabenchi yote yamejaa, kaa mpaka ujichokee mwenyewe. Nikikuta hivi, nachukua ufunguo."

"Hivi" ilikuwa ni mimi, ufagio, na Calist wa bodaboda aliyelala benchi la nyuma na helmeti usoni.

Hiki ndicho chumba pekee Ilongero nzima ambamo siitwi yule msomi aliyerudi nyumbani. Humu mimi ni mwenye ufunguo.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekwenda mjini kwa fundi Idrissa, pedi moja imekufa kitufe. Idrissa anatengeneza redio, pasi, chochote kinachoingia waya. Nikiwa nasubiri nimepekua boksi la rimoti mbovu, na chini kabisa — gemu! Ganda limechubuka, jina limebaki neno la mwisho tu: ORBIT. Mwanamke amesimama nje ya chombo cha angani. Mkono mmoja ni wa chuma. Ameshika spana ndefu kuliko mguu wake. Nyuma yake sayari imekauka kama kiwanja cha mnada.

Hana bunduki. Spana tu!

Mwaka umeandikwa kwa nyuma: 2004. Nilikuwa na miaka mitatu.

Nimemwuliza Idrissa inafanya kazi? "Ilikuwa inafanya." Watu wanaitaka? "Dada yangu, haina mpira. Haichezwi na watu wawili. Iliachwa na mzungu mmoja aliyekuwa anafundisha kwa kujitolea. Ameondoka hapa mimi bado nina nywele." Nikasema basi kama haina mwenyewe nipe. Akacheka mpaka akaweka chini bisibisi. Anajua nyumbani tunafuga kuchi. Anataka jogoo. Siyo kuku tu, jogoo wa kuchi, yule mrefu mwenye shingo nyekundu. Maana yake Diwani.

Diwani ni wangu. Nimemlea toka kifaranga. Tumemwita hivyo kwa jinsi anavyotembea uwanjani.

Nimeondoka. Nimefika stendi. Nimerudi kuliangalia ganda tena. Nimeondoka tena.

Nimeipa jina Obiti.

Jumamosi, 5 Julai

Inafaa kununuliwa au haifai? Nimekaa nalo siku nzima kama swali la mtihani.

Simu imenipa walichoandika watu miaka ishirini iliyopita. Mmoja kaipa sita kwa kumi. Anasema kamera inageuka inavyotaka yenyewe. Nyuso zimechongwa kama kwa panga. Na kosa lake kubwa kuliko yote: hadithi ni ndefu, watu wanaongea mno, mchezaji anangoja.

Mstari huo nimeusoma mara tatu. Hilo kosa ndilo ninalolitaka mimi.

Nikamtumia Elisha picha ya ganda. Jibu limekuja kutoka Sekenke baada ya nusu saa: USITHUBUTU. Nunua mpira wa msimu mpya. Calist naye hakuniachia: "Ticha, gemu ya mtu mmoja ni kama harusi ya mtu mmoja." Kijiwe kizima cha bodaboda kikacheka. Mama hakucheka. "Jogoo kwa kisahani! Editha, umelogwa au umesoma sana?"

Hesabu yangu ni hii. Wanaocheza mpira ni sita, wakija wote. Sita hawajazi mabenchi manne. Nikinunua mpira mpya watakuja walewale sita, wakicheza mpira mpya. Kwa hiyo mpira hauwezi kuniokoa. Kitu nisichokijua huenda kikaniokoa. Huenda.

Niseme ukweli, humu daftarini hakuna anayesoma. Hesabu niliifanya baada ya kuamua.

Jumatatu, 7 Julai — Sabasaba

Nimenunua!

Calist ndiye kanipeleka mjini. Mimi nyuma, Diwani kwenye tenga mapajani, kichwa nje, anaangalia barabara kama anakagua mradi. Njia nzima Calist anaongea na upepo: "Nimebeba wagonjwa, nimebeba maharusi, nimebeba mbuzi wa mahari. Jogoo anayekwenda kununua sidii, Ticha, leo ndiyo mara ya kwanza!"

Idrissa kampokea Diwani kwa mikono miwili, kampima miguu, kampuliza manyoya. Kisha kaifuta sidii kwa shati na kunipa bila kuniangalia. Nadhani aliona aibu kidogo. Kwangu mimi hakuna aibu. Nimerudi nimeishikilia ndani ya koti, kifuani.

Jioni uwanja wetu umekuwa kimya. Mama kasema kesho nani atawika.

Jumanne, 8 Julai

Inawaka! Ina mikwaruzo kama kisigino, lakini inawaka.

Fundi mitambo anaamka peke yake ndani ya kituo kinachozunguka sayari iliyokauka. Ana jina lake la kigeni, mimi tayari namwita Mama Spana. Watu mia nne wamelazwa usingizi kwenye makasha, wanangoja maji. Tangi la mwisho liko upande wa pili wa kituo. Katikati kuna maroboti yaliyosahau yaliwekwa kumlinda nani. Ana spana, ana mkono wa chuma. Basi!

Kamera ni mbaya kweli. Yule wa sita kwa kumi hakusingizia. Lakini anapoongea na wale waliolala — kasha kwa kasha, kwa majina! — nilisimamisha pedi nikasikiliza tu.

Mlango wa kwanza nimeuvuka saa tisa usiku. Nikataka kuhifadhi, mashine ikasema memori kadi imejaa. Nikafungua orodha, nikafuta faili kubwa kuliko yote, nikahifadhi. Nimelala nikitabasamu, naandika hili asubuhi ya Jumatano kwa sababu jana mkono ulikuwa unauma.

Alhamisi, 10 Julai

Faili kubwa lile lilikuwa ligi.

Ligi ya Kijiwe! Bodaboda sita, msimu mzima, toka Februari. Calist anaongoza, zimebaki mechi mbili. Mimi ninayekagua kufuli mara tatu sikusoma hata jina la nilichokifuta.

Calist kaingia saa nne na wenzake, wamebeba soda za kushangilia. Kawasha. Katafuta. Katafuta tena. Kisha kanigeukia taratibu. "Ticha. Kombe langu liko wapi?"

Nikamwambia. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtu aliye ndani ya gunia.

Hakunitukana, na afadhali angetukana. Kavaa helmeti humo humo ndani. "Miezi mitano. Umeifuta kwa ajili ya mwanamke wa spana." Wametoka wote sita. Soda wameziacha.

Ijumaa, 11 Julai

Hakuna mtu.

Jumamosi, 12 Julai

Hakuna mtu. Baba Mdogo kachungulia, kasema hata wale wachache umewafukuza, kaendelea na njia yake. Umeme ulikatika saa mbili nzima. Ukutani nilisikia jenereta lake dogo likizungusha kichujio cha mafuta. Nikafikiri nimwombe waya mmoja tu. Nikaacha. Pasaka kanisa lilimwomba jenereta hilo kwa ajili ya kwaya, akamjibu mzee wa kanisa kwamba mafuta hayajui Pasaka.

Nimemkumbuka Diwani leo. Niandike hivyo tu.

Jumatatu, 14 Julai

Kitu kimetokea.

Kwenye mashine ya Baba Mdogo foleni wanapanga magunia, siyo watu. Gunia linasimama kwenye mstari, limefungwa kitambaa cha mwenyewe, na mwenyewe anakwenda kutafuta pa kujikinga. Zamu ikifika, kibarua wa mashine anaita kitambaa: chekundu! cha maua! Leo upepo ulikuwa mkali hata nyuma ya ukuta hapakaliki. Mama Felista kaingia kwangu. Anauza mafuta barabarani, anakamua kila wiki, na mdomo wake unajulikana mpaka mjini.

"Mwanangu, nakaa hapa, sina shida na gemu zenu."

Nikaendelea. Mama Spana alikuwa anaongea na kasha la mtoto. Baada ya dakika tano: "Huyo anasema nini?" Nikamwambia kwa kifupi. Dakika mbili. "Na hilo lidude linamjibu nini?" Nikamwambia. "Mbona yuko peke yake, hana ndugu?" Ndugu wamelala, mama, mia nne. "Wamelala! Na yeye ndiye anayefuata maji?" Ndiye. Kafyonya. "Hata huko juu!"

Halafu nikafanya jambo ambalo sijui lilitoka wapi. Niliweka sauti ya tivii chini nikaongea mimi. Kama wale wanaotafsiri sinema za kigeni kwenye vibanda vya video, sauti yao juu ya sauti za wazungu. Nilikuwa Mama Spana, nikawa roboti, nikawa mlango. Nikichanganya Kiswahili na Kinyaturu kama nyumbani.

Nje wakaita: kitenge cha kijani! Mama Felista hakusikia. Wakaita tena. Kanyanyuka kwa hasira. "Usiende mbele. Nasema usiende mbele mpaka nirudi."

Nimekaa na pedi mkononi dakika arobaini. Sikwenda mbele.

Jumanne, 15 Julai

Wanawake watano.

Jumatano, 16 Julai

Tisa, na mzee mmoja aliyesema amemsindikiza mkewe. Mzee ndiye kauliza maswali mengi kuliko wote. Hewa wanatoa wapi? Kituo hakianguki kwa nini? Nikamweleza jinsi kitu kinavyoanguka daima bila kufika chini. Nilitumia ndoo ya maji nikaizungusha juu ya kichwa, na haikumwagika tone! Wakapiga kelele. Mzee kasema, "Nimepoteza miaka yangu shuleni, hakuna aliyenizungushia ndoo."

Watu kumi wananiangalia, na naongea. Nimeona hilo baada ya kuwa nimeshamaliza. Woga ulinijia nikiwa nafunga mlango — umechelewa! Kazi ilikuwa imekwisha!

Jumapili, 20 Julai

Kanisani mama wawili wamenivuta pembeni kuniuliza kama ni kweli roboti la mlango wa tatu lilimwachia apite kwa makusudi. Nikasema mimi nadhani ni makusudi. Mmoja kasema hapana, lilikuwa limezeeka tu. Tumebishana mpaka kengele ya pili. Mama yangu alisimama karibu anasikiliza. Njiani kurudi, ghafla: "Na hao waliolala, wakiamka wote, maji yatawatosha?"

Sijui, mama. Sijafika. Ningeweza kuangalia mwisho kwenye simu, sitaki.

"Usiangalie," kasema.

Jumanne, 22 Julai

Balaa! Mlango wa sita, Mama Spana anashika mpini wa mlango, na picha ikaganda. Nikazima, nikawasha. Ikaganda palepale. Mara nne. Mikwaruzo. Mabenchi matatu na nusu yalikuwa yamejaa, wakaanza kutazamana. Mwanamke mmoja mgeni kasema basi, gemu imekufa, twendeni.

Kutoka dirishani sauti: "Haijafa. Haijui kusafishwa tu."

Calist! Amekaa juu ya pikipiki yake chini ya dirisha langu, mgongo kwenye ukuta. Mama Felista katoa kichwa nje: "Na wewe unafanya nini hapo?" Nimepaki, kasema. "Toka lini?" "Toka Jumatano," mwenzake kamchoma kutoka ng'ambo. "Abiria wanamwita, anasema ana mgonjwa ndani!"

Kaingia bila kuniangalia. Kaomba dawa ya meno, ile nyeupe. Kaipaka kwenye sidii kwa kidole, kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, wala hakuzungusha. Kasuuza, kafuta kwa fulana yake ya ndani. Polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Watu ishirini wanaangalia kidole cha dereva wa bodaboda.

Tukawasha. Mama Spana akashika mpini. Mpini ukazunguka!

Kelele hizo Sekenke wamezisikia.

"Kombe langu bado sijasamehe," Calist kasema wakati anatoka. Nikamwambia najua. "Kesho unaanza saa ngapi?"

Alhamisi, 24 Julai

Tatizo jipya, na hili ni tamu. Vitambaa vinaitwa nje na hakuna anayetoka. "Gunia langu lipitwe," wanasema. Leo mashine ya Baba Mdogo imesimama robo saa na foleni imejaa! Kaja mwenyewe, mikono imejaa mafuta, kasimama mlangoni. Shikamoo zikamwangukia kutoka kila benchi. Hakuitikia hata moja. "Editha, unanichelewesha wateja wangu."

Nimejibu! Nimemwambia: Baba Mdogo, uliniambia nijaze mabenchi.

Kaangalia mabenchi. Kaangalia tivii. Mama Spana alikuwa anakimbia kwenye bomba, kamera imegeuka inavyotaka yenyewe, unaona kisogo na giza. "Mbona anakimbia ovyo hivyo," kasema, kaondoka.

Hakuondoka mara moja. Alisimama mpaka bomba lilipokwisha.

Jumamosi, 26 Julai

Ubishi wa siku nzima. Mama Spana amekuta kumbukumbu ya sauti: maji ya tangi yanatosha watu mia tatu. Wamelala mia nne. Afungue tangi, asifungue?

Mama Felista: afungue, watagawana, vikombe vitapungua lakini watagawana. Calist: aamshe mafundi kwanza, wachimbe pengine, ndipo waamke wengine. Yule mzee wa ndoo: na nani atachagua fundi ni nani? Mtu mwenye mazao kwenye foleni hawezi kuwa hakimu wa foleni! Wakanigeukia mimi. Mwalimu, wewe unasemaje?

Hawakusema Ticha, kwa utani. Walisema Mwalimu.

Nikasema nitawaambia Alhamisi, umebaki mlango mmoja. Sijui kwa nini nilitaja Alhamisi. Au najua. Tarehe thelathini na moja, saa nane.

Elisha ameandika: nasikia umejaza chumba kwa gemu ya ovyo. Hata huko imefika! Nikamjibu ni sita kwa kumi, njoo uone hizo sita.

Jumatano, 30 Julai

Nimefika mlango wa mwisho, nimehifadhi mbele yake. Nimekagua mara tatu kwamba imehifadhi. Nyuma ya mlango yupo Mlinzi, roboti la mwisho. Nimemwonja asubuhi peke yangu. Kaniua mara saba.

Inafaa kununuliwa au haifai? Nimelikumbuka swali leo nikacheka peke yangu barabarani. Kamera ni mbaya. Nyuso ni za panga. Ningemtoa Diwani tena kesho. Lakini Idrissa kanitumia picha yake, kanenepa, ana mitetea minne. Hajui hata kama aliuzwa.

Alhamisi, 31 Julai

Naandika hapahapa kaunta, haraka, siwezi kungoja nifike nyumbani.

Saa saba na nusu mabenchi yalijaa. Saa nane kasorobo watu walikuwa wamekaa sakafuni, wamesimama ukutani, wamejaa dirishani. Bodaboda zote sita zimepaki nje, hakuna hata moja inayobeba abiria Ilongero mchana huu. Mama yangu yupo, benchi la mbele, na kitenge cha kanisani. Foleni ya magunia imefika barabarani.

Saa nane kamili Baba Mdogo. Kasimama mlangoni kawahesabu kwa macho, benchi kwa benchi. Nikajua nimeshinda. Ufunguo ulikuwa kwenye kufuli; kauchomoa, kaushika.

"Wamejaa," kasema. "Sikatai. Ila hawa ni wangu, Editha. Magunia yao yako kwangu. Wanasubiri mashine, wewe umewapa pa kukaa tu. Wakishakamua nani atabaki?"

Mama Felista kafungua mdomo, na hapo hapo —

Umeme ukakatika!

Tivii ikafa. Ukuta wa pili, mashine ya alizeti ikaguna, ikashuka, ikasimama. Kimya ambacho sijawahi kukisikia msimu huu. Ng'ambo ya barabara ile mashine nyingine, ya dizeli, isiyojali umeme, ilikuwa inanguruma vizuri tu, na foleni yake fupi.

Baba Mdogo akasema taratibu, "Haya. Sasa tutaona nani ni mteja wa nani."

Kweli. Hapakuwa na gemu, hapakuwa na mashine. Hakuna cha kusubiri hapa. Kubeba gunia kuvuka barabara ni dakika mbili.

Nilisimama. Hakuna picha, hakuna sauti ya kigeni ya kujificha nyuma yake. Watu hamsini, na Baba Mdogo mlangoni na ufunguo. Mmoja wa wale waliochelewa kauliza: huyo mama jina lake la kweli nani? Nikalisema. Na baada ya jina yakatoka mengine yote. Kasha kwa kasha, mlango kwa mlango, spana, mkono wa chuma, roboti lililozeeka au lililoachia kwa makusudi, maji ya watu mia tatu. Sikuona mikono yangu inafanya nini. Niliona nyuso tu. Nilipofika mbele ya mlango wa mwisho nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo nilipo mimi pia.

Hakuna aliyekuwa ametoka. Hata mmoja! Hata gunia!

Ndipo Mama Felista akalisema alilokuwa amelifungulia mdomo. "Shemeji Hosea, mimi natoka bondeni kule. Napita mashine mbili njiani kuja hapa. Mbili! Unadhani ni mafuta yako yanayonukia?"

Wakacheka mpaka dirisha likatikisika. Baba Mdogo hakucheka. Kaangalia kwa muda mrefu tivii iliyozimika. Kisha kauliza, hakuniuliza mimi, kaiuliza tivii: "Kwa hiyo anafungua au hafungui?"

Hatujui, Baba Mdogo. Bado hatujafika.

"Huo umeme unaweza kurudi kesho," kasema, kama mtu aliyeibiwa.

Katoka. Tukamsikia anamwambia kibarua wake azime kichujio. Kibarua kauliza mara mbili, na mafuta je, mzee? Mafuta yatangoja! Sasa wanalipandisha jenereta kwenye toroli. Lile jenereta. Calist kakimbia kusaidia, karudi anahema, anasema mzee hataki kusaidiwa.

Wamefika mlangoni. Watu wanapisha. Jenereta zito, linataka mikono miwili, na mkono mmoja wa Baba Mdogo ulikuwa bado umefumba ufunguo. Kaangalia huku na huku pa kuuweka. Kauweka hapa, juu ya daftari hili, katikati ya ukurasa, nimelazimika kuandika kuuzunguka.

"Shika huo," kaniambia, kama mtu mwenye haraka zake.

Kaunganisha waya. Kavuta kamba. Halikuwaka. Watu wanahesabu kwa sauti: moja! Kavuta tena. Mbili! Kavua koti kampa mama yangu. Pedi ninayo kwenye mapaja, jasho tu. Mlinzi kaniua mara saba na sijui Mama Spana atafungua au hatafungua. Mzee wa ndoo anasema kimya, kimya, linakohoa, linataka kushika —